Ng'ombe wa Kitale na Kupe wa Bungoma

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake ni kwamba mgeni huja na heri, na nyumba inayompokea hufaidika kwa kuja kwake. Lakini katika nchi ya Bungoma yuko mgeni mmoja ambaye methali hii humgeukia: yeye huja akafa, na wenyeji wakabaki wazima. Mgeni huyo ni mtamba wa gredi aliyenunuliwa katika mashamba ya upande wa Kitale.

Jambo lenyewe hutukia hivi. Mtu wa Chwele, au wa Kimilili, au wa Bumula, huweka akiba kwa muda wa miaka miwili au mitatu. Huuza mahindi na maharagwe, na pengine huuza fahali wake wawili wa kienyeji. Fedha zikitimia hupanda gari mpaka Trans Nzoia, akaingia katika shamba ambalo ng'ombe wake huogeshwa kila juma bila kukosa, akachagua mtamba mwenye mimba, mnene, asiye na kupe hata mmoja mwilini. Humleta nyumbani kwa lori. Watoto humlaki kwa shangwe, na mama mwenye nyumba huanza kuhesabu chupa za maziwa kabla ndama hajazaliwa. Mtamba hupumzishwa siku mbili, kisha hutolewa kwenda malishoni pamoja na ng'ombe wa jirani, kando ya mto, mahali ambapo mifugo imelishwa tangu zamani za mababu.

Juma la kwanza hupita salama. Katika juma la pili mtamba hupunguza kula, husimama peke yake kichwa kikiwa chini, na chini ya sikio huonekana uvimbe kama limau. Katika juma la tatu hupumua kwa shida, povu jeupe humtoka puani, kisha hufa. Ng'ombe wa jirani, wadogo, wenye nundu, waliokula majani yale yale na kunywa maji yale yale, wanatembea wakiwa wazima.

Hapo ndipo maneno huanza. "Mzee, ng'ombe yule hakufa bure," mtu humnong'oneza mwenye mali. "Watazame wa jirani yako. Hata mmoja hakukohoa." Mwenye mali, akiwa na uchungu wa fedha zake na wa karo ya watoto aliyotarajia kuilipa kwa maziwa, huanza kumtazama jirani kwa jicho baya. Pengine salamu hukatika kati ya nyumba mbili kwa miaka mingi.

Jirani huyo hana hatia. Mwuaji anajulikana, njia yake inajulikana, na hata siku anazohitaji ili kuua zimekwisha hesabiwa. Yafaa kila mfugaji wa Bungoma na wa Trans Nzoia azijue siku hizo kama ajuavyo siku za soko.

WEZI WANNE WA MALISHONI

Watu wengi husema "kupe" kana kwamba kupe wote ni wa namna moja. Sivyo. Kupe si wa jamii ya nzi wala chawa. Ni wa ukoo wa buibui, na akiwa mzima ana miguu minane. Katika nchi iliyo kati ya Mlima Elgon na Mto Nzoia mfugaji huweza kuwakuta kupe wa namna kadhaa juu ya ng'ombe mmoja. Wanne kati yao wastahili kujulikana kwa sura na kwa mahali wapendapo kushika.

Wa kwanza ni kupe wa kahawia apendaye masikio. Akiwa mzima hujificha ndani ya sikio na pembezoni mwake, na wakati wa mvua huweza kulijaza sikio mpaka likajikunja. Huyu ndiye achukuaye ile homa mbaya iliyomwua mtamba wa hadithi yetu, ambayo kwa jina la kitaalamu ni Homa ya Pwani ya Mashariki, na ambayo wafugaji wa Tanzania huiita ndigana kali.

Wa pili ni kupe wa buluu, ambaye jike lake likishiba damu hupata rangi ya kijivu yenye kuelekea buluu. Huyu hushika ubavuni, shingoni na tumboni. Huchukua ugonjwa wa kukojoa damu, ambao mkojo wa ng'ombe huwa mwekundu au wa rangi ya kahawa. Huchukua pia ndigana baridi, ambayo humkausha ng'ombe damu, ikampa choo kigumu na ufizi mweupe au wa manjano. Ndigana baridi huweza vilevile kuenezwa na nzi wanaouma, na hata na sindano ya mtu anayedunga ng'ombe kumi bila kuibadili.

Wa tatu ni kupe mkubwa mwenye madoa ya rangi mgongoni, ambaye dume lake lapendeza macho kama shanga. Huyu hupenda kiwele, mapaja na kidari. Midomo yake ni mirefu, na jeraha lake huweza kuoza na kuharibu chuchu. Tena huchukua ugonjwa wa maji ya moyo, ambao hujaza maji katika mfuko wa moyo na kifuani. Mnyama huzunguka, hutafuna mate bure, hurusha miguu kama mwenye kifafa, kisha hufa. Mbuzi na kondoo pia hufa kwa ugonjwa huu.

Wa nne ni kupe mwenye miguu myekundu, ambaye akiwa mzima hukaa chini ya mkia. Madhara yake ni madogo kuliko ya wale watatu, lakini hunyonya damu na kufungua jeraha la nzi kutagia.

Wote wanne hula mali ya mfugaji. Lakini katika nchi hii anayeua wengi kuliko wenzake ni yule wa masikioni, na habari zake ndizo zitakazoelezwa kwa urefu.

MAISHA YA KUPE WA MASIKIO NA SIKU ZAKE

Jike la kupe wa masikio likishiba damu huanguka chini, hujificha katika mizizi ya majani, hutaga mayai elfu kadhaa, kisha hufa. Mayai huangua vitoto vyenye miguu sita. Kitoto hupanda ncha ya jani na kungoja. Mnyama akipita, hushika, hunyonya kwa siku chache, huanguka chini, na hapo hujivua ngozi. Hupata miguu minane, hupanda jani tena, hushika mnyama wa pili, hunyonya na kuanguka. Hujivua ngozi mara ya pili na kuwa kupe mzima, kisha humngoja mnyama wa tatu. Basi kupe mmoja hula kwa wanyama watatu, na kati ya mlo na mlo huweza kungoja miezi mingi. Kupe mzima asiyekula huweza kuishi majanini zaidi ya mwaka mmoja.

Kitoto kinapoangua huwa hakina ugonjwa wa ndigana kali, hata kama mama yake alikuwa nao, kwa kuwa kijidudu cha ndigana kali hakipiti katika yai. Kitoto hukipata kijidudu hicho kwa kunyonya damu ya ng'ombe aliye nacho, na hukipeleka kwa ng'ombe mwingine kikiwa kimekwisha jivua ngozi. Kwa kupe wa buluu mambo ni mengine: kijidudu cha kukojoa damu hupita katika yai, na watoto huzaliwa nacho.

Sasa zitazamwe siku zenyewe. Kupe wa masikio mwenye kijidudu anapomshika ng'ombe, sumu yake haiwi tayari saa ile. Kijidudu kimelala katika tezi za mate za kupe, na huamka tu pale kupe anapoanza kula na kupata joto la mwili. Huchukua siku tatu, nne au tano mpaka kiwe tayari kuingia katika ng'ombe. Kwa hiyo kupe aliyeng'olewa au kuuawa siku ya pili, kwa kawaida, huwa hajafanya kazi yake. Kupe aliyeachwa mpaka siku ya tano amekwisha ifanya.

Hii ndiyo sababu ya kuosha ng'ombe kila juma. Dawa nyingi za josho hubaki na nguvu katika manyoya kwa siku chache baada ya kuoshwa. Kupe anayepanda katika siku hizo hufa. Anayepanda siku ya nne, nguvu ya dawa ikiwa imekwisha, hukutwa na josho la siku ya saba kabla hajatimiza siku zake. Hesabu ni nyembamba, lakini inatosha. Mahali penye kupe wengi mno, josho la mara mbili kwa juma huhitajiwa. Bali mtu anayeosha kila baada ya majuma mawili, au anaposikia fedha mfukoni, humpa kupe siku zote anazohitaji na ziada. Ametumia fedha za dawa, na mlango ameuacha wazi.

Kijidudu kikiisha ingia katika ng'ombe, kwa kawaida hupita siku nane mpaka kumi na mbili kabla ya homa kuonekana. Huingia katika chembe nyeupe za damu, zile ambazo ni askari wa mwili, na kuzilazimisha kuzaana ovyo. Ndiyo maana matezi huvimba, kwanza lile la chini ya sikio, kwa kuwa ni jirani na mahali kupe alipouma, kisha lile la mbele ya bega. Joto la mwili hupanda mpaka nyuzi 40 na zaidi. Mwishoni mapafu hujaa maji, na ng'ombe hufa kama mtu aliyezama, ingawa yuko nchi kavu.

KWA NINI NG'OMBE WA JIRANI HAKUFA

Ng'ombe wa jirani aliumwa na kupe wale wale. Tofauti ni kwamba yeye aliumwa alipokuwa ndama. Akaugua, akapona, na mwili wake ukaukumbuka ugonjwa. Tena ni wa ukoo uliokaa na kupe vizazi vingi, na wale waliokuwa dhaifu walikwisha kufa zamani.

Lakini mtu asidhani ya kuwa kinga hiyo hupatikana bure. Kati ya mwaka 2007 na 2010 wataalamu waliwafuata ndama 548 wa kienyeji katika nchi ya Busia na jirani zake, karibu na mpaka wa Uganda, tangu kuzaliwa mpaka walipotimiza mwaka mmoja. Ndama 88 walikufa kabla ya mwaka kwisha, na ndigana kali ndiyo iliyoongoza katika kuwaua. Basi kila ng'ombe wa kienyeji aliye mzima malishoni amepita katika mlango ambao wenzake wengine walishindwa kuupita. Jirani alikwisha lipa gharama yake kwa ndama. Ni vile tu hakuna aliyekuja kumpa pole.

Uchunguzi ule ulionyesha jambo jingine la ajabu. Kijidudu cha ndigana kali kina ndugu zake walio wapole, nao pia huletwa na kupe. Ndama aliyeingiwa na hao wapole hakufa kwa ndigana kali mara nyingi kama yule asiyekuwa nao. Ni kana kwamba mwili ulijifunza vita kwa adui mdogo kabla ya kukutana na mkubwa. Mambo haya yalitangazwa mwaka 2015.

Mwenyeji mwingine asiyeugua ni nyati. Nyati wa misitu ya Mlima Elgon, ambako mbuga ya taifa ilitengwa mwaka 1968, huweza kuwa na kijidudu hiki katika damu na wasionyeshe dalili yoyote. Ng'ombe wa Endebess au wa mlimani alishaye mahali nyati walipolala yuko katika hatari kubwa kuliko wote, kwa kuwa kijidudu kitokacho kwa nyati humwua upesi, na hata ng'ombe mwenye kinga ya kawaida huweza kushindwa nacho.

KWA NINI MTAMBA WA KITALE ALIKUFA

Mtamba alikufa kwa sababu alitunzwa vizuri. Maneno haya yasikika kama mzaha, lakini ndiyo kweli. Katika zamani za ukoloni Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya Nchi za Juu zilizotengwa kwa walowezi wa Kizungu. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mashamba makubwa ya mahindi na ng'ombe wa Ulaya yakaenea. Ng'ombe wale hawakuwa na kinga ya kupe wa Afrika. Wenyewe wakazungusha nyua, wakajenga majosho, na sheria za karantini zikawazuia ng'ombe wa Waafrika kupita. Ugonjwa ulizuiliwa kwa waya na dawa, wala si kwa nguvu ya damu ya ng'ombe.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa, na ng'ombe wa gredi wakaingia katika boma za wakulima wadogo. Jambo hili lilikuwa jema, na maziwa yake yamesomesha watoto wengi. Lakini damu ya ng'ombe haikubadilika. Mtamba aliyezaliwa na kukulia nyuma ya josho zuri hajapata kuiona ndigana kali. Mwili wake ni kama nyumba isiyo na mlango ambayo haijawahi kuibiwa kwa kuwa barabarani kuna askari. Akipelekwa mahali pasipo na askari, huibiwa usiku wa kwanza.

Kondoo nao wana habari kama hizo. Kupe huyu huyu wa masikio huchukua ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, ambao huua kondoo na mbuzi, hasa wale watokao mahali pasipo na kupe na kuletwa mahali walipo. Wenyeji wa mahali hapo huonekana wazima.

Dunia imekwisha liona jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1901 ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki walipelekwa kwa meli kusini, wakaingia Rhodesia, ambako nchi ilikuwa imefilisika kwa sotoka ya miaka ya 1890. Ng'ombe wa kusini, ambao hawakuwa wamekutana na ndigana kali, walikufa kwa malaki. Mwaka 1903 Robert Koch, mganga mashuhuri wa Ujerumani, aliitwa Bulawayo kuchunguza, na ugonjwa ukapewa jina la pwani kwa sababu ng'ombe wale walitoka pwani. Ndivyo Pwani ya Mashariki ilivyosingiziwa jina baya mpaka leo, kama yule jirani wa Chwele. Afrika Kusini ilichukua miaka hamsini hivi ya majosho, nyua na kuchinja ng'ombe wagonjwa mpaka kuumaliza ugonjwa huo katika miaka ya 1950.

Tena katika miaka ya 1970, vita vilipochafua nchi hiyo hiyo ya Rhodesia, majosho ya vijijini yalisimama. Ng'ombe waliozoea kuoshwa maisha yao yote wakabaki mikononi mwa kupe, na inakadiriwa ya kuwa kama milioni moja walikufa kwa magonjwa ya kupe. Josho lililokuwa kinga kwa miaka mingi liliposimama ghafula, madhara yake yalizidi yale ya mahali ambako josho halikuwako kamwe.

Kenya nayo imeonja kidogo. Majosho mengi yaliyoendeshwa kwa msaada wa Serikali yaliachwa mikononi mwa wanavijiji katika miaka ya 1990. Baadhi ya kamati zilisimama imara. Nyingine zilishindwa kununua dawa, au ziliongeza maji katika josho bila kuongeza dawa, na mengi yakageuka mashimo ya kuotea magugu. Tangu mwaka 2013 kazi za mifugo zimo katika mikono ya serikali za kaunti, na mahali pengine majosho yamefufuliwa. Lakini mfugaji hawezi kungoja josho la kijiji ndipo aanze kulinda mali yake.

YAMPASAYO MFUGAJI

La kwanza ni la siku ya kununua. Mnunuzi huuliza umri, mimba na maziwa ya mama yake. Na aulize pia mambo mawili mengine: ng'ombe huyu huoshwa kila baada ya siku ngapi, na je, amechanjwa ndigana kali? Ikiwa anaoshwa kila juma na hajachanjwa, ajue ananunua ng'ombe asiye na kinga, hata awe mzuri namna gani. Wala asikubali kumhamisha bila cheti cha kuhamishia mifugo, kwa maana cheti hicho hakikuwekwa kwa ajili ya kusumbua watu.

La pili ni chanjo. Dawa hii ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970. Wataalamu walichukua vijidudu hai vya ndigana kali vya namna tatu, wakavichanganya, na ng'ombe hudungwa vijidudu hivyo pamoja na dawa ya tetrasaiklini ikaayo mwilini muda mrefu. Ng'ombe huugua kidogo au asiugue kabisa, na hubaki na kinga ya miaka mingi, mara nyingi ya maisha yake yote. Hata ndama wa mwezi mmoja huweza kudungwa. Wafugaji wa Kimasai wa Tanzania wamechanja ndama wengi mno kwa njia hii.

Ugumu wake ni kwamba chanjo hukaa katika naitrojeni ya majimaji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Tena kifuko kimoja hutosha ng'ombe wengi, na kikifunguliwa lazima kitumike kwa saa chache tu. Mtu mwenye ng'ombe mmoja hawezi kuinunua peke yake. Lakini watu thelathini wa kijiji kimoja, au wanachama wa chama cha maziwa, wakiandikisha ng'ombe wao na kumwita daktari wa mifugo siku moja, wataweza. Hapo ndipo ujirani huonekana faida yake. Mtu aliyekatiana salamu na jirani zake atachanja pamoja na nani? Yafaa mtamba achanjwe akiwa bado kwa muuzaji, na apewe majuma kadhaa kabla ya kusafiri. Wala chanjo isiwe sababu ya kuacha kuosha, kwani haizuii kukojoa damu, wala ndigana baridi, wala maji ya moyo.

La tatu ni kuosha kwa hesabu. Anayetumia bomba la mgongoni na afuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ng'ombe mzima huhitaji kama lita 10 za maji yenye dawa mpaka alowe kweli, wala si kunyunyiziwa kama mtu anyunyiziavyo maua. Ndani ya masikio, chini ya mkia, kati ya mapaja na chini ya kiwele pasisahauliwe. Anayepunguza dawa ili ifike mwisho wa mwezi huua kupe dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wazae, na baada ya miaka michache dawa hiyo haitafaa kitu katika kijiji kizima. Kupe walikwisha izoea aseniki katika Afrika Kusini katika miaka ya 1930, na dawa nyingi zilizofuata zimepatwa na hayo hayo.

La nne ni majani. Wengi hufikiri ng'ombe afungwaye zizini na kukatiwa nepia yuko salama. Yuko salama ikiwa nepia imekatwa katika shamba lisilopitwa na mifugo. Majani yaliyokatwa kando ya barabara, mahali makundi yanapopita kwenda soko la Chwele au la Kimilili, huja na kupe wake hata horini.

La tano ni kutambua mapema. Kipimajoto ni kitu kidogo, na kila mwenye ng'ombe wa gredi anapaswa kuwa nacho. Mtamba mgeni apimwe kila asubuhi kwa majuma manne ya kwanza, na matezi yake yapapaswe kwa mkono. Joto likipanda na tezi la chini ya sikio likivimba, daktari wa mifugo aitwe siku ile ile. Dawa ya buparvakoni huponya wengi ikidungwa mapema. Mapafu yakiisha jaa maji, mara nyingi ni kutupa fedha. Na watu waache desturi ya kukimbilia tetrasaiklini peke yake. Tetrasaiklini hufaa kwa ndigana baridi na kwa maji ya moyo, lakini ndigana kali ikiisha simama haiitibu. Siku mbili za kungoja dawa isiyo yake ndizo siku ambazo ng'ombe angepona.

HESABU YA MWISHO

Wapo wasemao ya kuwa mambo haya ni mengi, na afadhali mtu abaki na ng'ombe wake wa kienyeji. Si neno la kipumbavu. Mtu asiyeweza kununua dawa kila juma, wala kufikia chanjo, hatapata hasara akifuga ng'ombe wa kienyeji, au chotara mwenye damu nyingi ya kienyeji, na kuwatunza vizuri ndama wake. Hasara kubwa humpata yule asimamaye katikati: aliyenunua ng'ombe wa Kitale, akamlisha kama wa Bungoma, akamwosha siku akumbukapo.

Basi mtu wa Chwele aliyefiwa na mtamba wake, na aende kwa jirani yake jioni moja. Ampe mkono, akae, anywe chai. Kisha waulizane wote wawili, pamoja na wenzao wa kijiji, ni ng'ombe wangapi wanaoweza kuandikishwa kwa siku moja ya chanjo, na ni nani atakayeshika daftari la josho. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa kuzuia kupe hujengwa na kijiji kizima.